Kidole Kimoja cha Majani Makavu

Mlimani Meru, juu ya Mto Usa
Jumapili, alasiri

Naomi mwanangu,

Nakusalimu nikiwa hatua ishirini tu kutoka hapo ulipo. Nakusikia nje ukimenya ndizi na mama yako, na mimi nimejifungia humu ndani na penseli ya kinu cha kupasulia mbao, namwandikia barua mtu ambaye ningemwita kwa sauti akaja. Cheka ukitaka. Baba anayemwandikia mtoto aliye nyuma ya ukuta ana neno ambalo mdomo wake umeshindwa kulibeba.

Kesho unakwenda Moshi, kwenye nyumba ya wagonjwa ya misheni, kuwatunza watoto. Mambo ya blanketi, na maji ya kunywa njiani, na nyumba ya kulala mkifika Kikatiti, mama yako amekwisha kuyasema, na kesho atayasema tena mpaka mwisho wa shamba. Mimi huko sina la kuongeza. Langu ni moja, na nimechelewa nalo miaka.

Juzi nilikuwa migombani nakata majani makavu, nawe ulikuwa upande wa pili na Bibi. Hamkuniona. Bibi akakuuliza, "Mjukuu wangu, Moshi kuna nini? Si ungeolewa hapa hapa, ukalea wako?" Nawe ukamjibu, taratibu kabisa, kama mtu anayetaja bei ya chumvi: "Bibi, nakwenda kuwatazama watoto wa watu, kwa kuwa wa kwetu sikumtazama."

Mimi niliketi chini pale pale kwenye majani, na kisu mkononi. Mwanangu, nililia. Sijalia hivyo tangu siku tuliyomzika Tito, mdogo wako.

Kwa hiyo nisikilize. Nitaanza mbali kidogo, maana kosa langu halikuanzia siku ile.

Mwaka ule askari wa Wajerumani walipochoma nyumba za mlimani, mimi nilikuwa kijana, nawe ulikuwa mtoto wa mgongoni. Nyumba ya Bibi yako ilikuwa ya majani ya migomba tangu juu hadi chini, kama zote. Iliwaka haraka mno. Baadaye tukakusanywa, Wameru na Waarusha, kwenda kubeba mawe ya kujengea boma lao Arusha. Nilibeba mawe yale nikiwa nawachukia waliokuwa wakinisimamia, lakini nilipoona ukuta unapanda, moyo wangu ukafanya jambo la ajabu: ukautamani. Nikajiapia kwamba siku moja watoto wangu watalala ndani ya jiwe, nyumba ambayo hakuna mtu atakayekuja na kijinga cha moto akaimaliza.

Nikajenga. Unaikumbuka ilivyokuwa kabla sijaibadilisha: kuta za mawe na chokaa, unene wa dhiraa nzima, mabati juu, na pale pembeni jiko la ukutani lenye bomba la kutolea moshi, kama nililoliona kwa wamisheni. Watu walikuja kuitazama kutoka mbali. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni nimeweka mikono nyuma, kama bwana shauri wa serikali. Bibi peke yake ndiye aliyeingia, akagusa ukuta kwa kiganja, akasema, "Nyumba yako ina mwili wa nyoka, baridi tupu." Nikacheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyosema, lakini mwanangu, guu lililovunjika halikuwa langu.

Sasa twende kwenye siku ile.

Ilikuwa Julai, na ukungu ulikuwa umeshuka siku ya nne bila kuinuka. Mama yako alikuwa Kikatiti kwa dada yake aliyejifungua. Tito alikuwa akikohoa tangu juzi yake, na kifua chake kinaingia ndani kila akivuta pumzi. Wewe ulikuwa na miaka minane. Kinu kilikuwa na mwaka wake wa kwanza, nami ndio nilikuwa nimepewa kazi ya mabomba ya mvuke, nikijiona mtu mkubwa. Asubuhi Bibi alisimama ng'ambo ya mfereji akaita, "Mleteni mtoto kwangu! Kwangu kuna joto!" Nami nikamjibu kwamba mtoto wangu halali na ng'ombe na moshi.

Halafu wewe ukanishika shuka. Naomi, najua unakumbuka, maana na mimi nakumbuka. Ukasema, "Baba, nimpeleke tu kwa Bibi mpaka urudi?"

Nikakujibu, "Hapana. Nyumba yetu ni ya mawe. Wewe washa moto tu, usiuache uzime."

Nikakuachia mzigo mmoja wa kuni, nikaenda zangu.

Niliporudi alasiri ulikuwa umemfunga Tito mgongoni kwa nguo zote zilizokuwamo, pamoja na kanzu yangu ya kanisani. Jikoni palikuwa na majivu. Ulikuwa umetoka kutafuta kuni na ukazipata mbichi zilizolowa, zikakataa. Midomo yako ilikuwa imebadilika rangi. Nikamfungua mgongoni, nikamkuta amekwisha kwenda. Na mimi baba yako, mtu mzima mwenye ndevu, nikakutazama nikasema, "Umeuacha moto uzime."

Nilisema hivyo tu. Sikurudia tena, sikukupiga, sikukukaripia. Watu walinisifu kwa upole wangu. Lakini tangu siku hiyo hujawahi kuuacha moto peke yake. Unaamka kuutazama. Tukikaa kula unakaa upande wa moto. Na mimi nikizungumza nawe, unaniitika vizuri, shikamoo yako haikosi asubuhi, ila macho yako yanatazama moto. Miaka tisa sijaona macho yako yakitulia usoni pangu.

Na hukuwahi kumwambia mama yako kwamba ulitaka kumpeleka Tito kwa Bibi, nami nikakukataza. Hata Bibi mwenyewe hajui. Ulinifichia, mtoto wa miaka minane.

Sasa nikueleze nilivyokuja kujua, kwa maana sitaki uchukue maneno yangu kama ya kufariji tu. Faraja umepewa nyingi na mchungaji na hazikukusaidia. Nakupa hesabu.

Unamkumbuka yule mzee Mjerumani, fundi mkuu wa kinu, tuliyemwita Bwana Kipimo. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na alikuwa na hasira za karibu, lakini alichokijua hakukificha. Mwaka wa tatu baada ya Tito, alinipa kazi ya kulivisha bomba jembamba linalopeleka mvuke uliochoka kwenye chumba cha kukaushia mbao. Ule unga mweupe wa kuvishia mabomba uliotoka kwao ulikuwa umekwisha. Mimi nikaona kazi rahisi: nikakanda udongo wa mfinyanzi, nikalipaka bomba tabaka juu ya tabaka mpaka likawa nene kama paja, nikauacha ukauka. Nikaenda kumwita nikitarajia sifa. Chumba kile, Naomi, kilizidi kuwa baridi kuliko bomba lilipokuwa tupu!

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Akasema kwa Kiswahili chake, "Wewe hapana visha bomba. Wewe nenepesha bomba."

Akaniketisha juu ya gogo akanieleza. Joto linapotoka ndani ya bomba linakutana na mambo mawili. La kwanza ni ugumu wa kupenya lile vazi. La pili ni upana wa mwili wa nje unaoguswa na upepo. Ukiliongeza vazi la bomba jembamba, mwili wa nje nao unapanuka, na upepo unapata mahali pakubwa pa kunyonya. Kama vazi lenyewe ni gumu kupenyeka, unapata faida. Kama ni udongo, ambao joto linaupita bila hodi, umefungua mlango mkubwa zaidi. Tukabandua wote. Tukalizungushia majani makavu ya migomba, tukayafunga kwa kamba, kisha nje tukapaka udongo mwembamba wa kuzuia mvua tu. Chumba kikapata joto siku hiyo hiyo.

Kisha akanifundisha hesabu ya ukuta, maana kile chumba tulikijenga upya kwa mbao mbili na unga wa msumeno katikati. Nakuandikia hapa, wewe hesabu huwa zinakuingia. Chukua unene wa tabaka, ugawe kwa wepesi wake wa kupitisha joto. Unachopata ndicho ugumu wa tabaka hilo. Fanya hivyo kwa kila tabaka, kisha ujumlishe. Halafu chukua tofauti ya joto la ndani na la nje, uzidishe kwa ukubwa wa ukuta, ugawe kwa ile jumla ya ugumu. Hapo unapata joto linalotoroka kila saa, na moto wako lazima ulete kiasi hicho hicho, la sivyo nyumba inapoa. Hakuna ujanja mwingine.

Bwana Kipimo alikuwa na kijitabu kilichoandikwa wepesi wa kila kitu: chuma, jiwe, mbao, nyasi kavu. Akaweka kidole kwenye jiwe, akaweka kingine kwenye nyasi, akaniambia nigawe. Nikagawa. Nikadhani nimekosea, nikagawa tena.

Kidole kimoja cha majani makavu kinazuia joto sawasawa na dhiraa nzima ya jiwe.

Kidole kimoja! Na ukuta wa nyumba ya Bibi una majani unene wa shubiri. Na bati, mwanangu, bati ni jembamba na ni chuma, ugumu wake ni kama hakuna. Nilikuwa nimemlaza mwanangu chini ya kitu ambacho kwenye hesabu hata hakiandikwi.

Mzee aliniuliza nina nini. Nikamwambia jua kali.

Siku zile ulinikuta nikizunguka nyumbani na kile kipimajoto cha kioo nilichokiazima, mara kwetu, mara kwa Bibi, mzigo wa kuni huku na mzigo wa kuni kule. Ukaniuliza, "Baba, unapima nini?" Nikasema napima mvua. Uongo wa kijinga, maana mvua haikuwepo. Nilikuwa napima ile Julai. Nilipima kuta, nikapima bati, nikapima lile jiko la kizungu linalomeza joto na kulitema juu angani. Kwenye hesabu nikaweka ukungu ule ule na baridi ile ile. Nikauliza swali moja tu: ili nyumba ile ipate joto la nyumba ya Bibi tangu asubuhi mpaka alasiri, zilihitajika kuni kiasi gani?

Mizigo sita. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi kuliko nilivyorudia Baba Yetu. Mara nyingine inakuja sita na kidogo, mara nyingine sita kasoro. Haijawahi kuja moja. Nami nilikuachia mmoja.

Naomi, moto wako haukuzima kwa uzembe. Hata ungekaa pale bila kupepesa macho, hata kuni zingekuwa kavu zote na ungezitia mmoja mmoja, joto lilikuwa linatoka kupita lilivyokuwa linaingia. Ulikuwa unajaza mtungi uliotoboka, na aliyeutoboa ni mimi. Dawa ilikuwa ng'ambo ya mfereji, hatua chache, wewe uliijua ukiwa na miaka minane bila kijitabu, ukaniomba, nikakukatalia kwa kiburi. Sisemi kwamba Tito angepona kwa Bibi. Kifua kile kilikuwa kibaya, na hilo Mungu peke yake analijua. Nasema kwamba asingekufa kwa baridi, na nasema kwamba wewe ulifanya yote.

Haya niliyajua miaka sita iliyopita. Sasa nakuja kwenye kosa ambalo ni baya kuliko la nyumba.

La nyumba nililifanya kwa kutojua. Mtu asiyejua anaweza kusamehewa. Lakini baada ya hesabu nilijua, nikanyamaza. Nilirudi nyumbani jioni ile nikiwa nimekusudia kukwambia, nikakukuta umechuchumaa mbele ya moto unapuliza. Nikasema kesho. Kesho nikasema mavuno yapite. Unajua kwa nini? Nikwambie ukweli hata kama ni aibu. Maadamu kosa lilikuwa la moto, halikuwa langu. Ningekwambia, ningebaki nalo peke yangu, nami niliogopa kubaki nalo. Nikamwacha mtoto alibebe, kwa kuwa alikuwa halalamiki.

Badala ya kusema nikafanya kazi ya mikono. Nikaweka dari ya majani ya migomba chini ya mabati, nikaziba lile jiko, nikazungushia kuta matete na majani kwa ndani, nikakandika. Mama yako alipouliza, nikasema nazuia kelele za mvua kwenye bati. Ninyi mkanipa majani, mafungu kwa mafungu. Wewe ndiwe uliyekuwa unanipokeza kutoka chini, Naomi, na mimi niko juu nageuza uso. Kila fungu lilikuwa ungamo, na hukulisikia kwa kuwa sikulisema.

Nimejifunza nini, basi? Wazee huulizwa hivyo. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kuongeza unene na asiongeze joto. Mimi nilipokuona umenyamaza niliongeza upole, nikaongeza zawadi, ile kanga kutoka duka la Mhindi, kile kiti kidogo, nikakuwekea wewe nyama nzuri. Vyote vilikuwa udongo juu ya bomba. Niliunenepesha ukimya wetu, na kila mwaka ulikuwa mpana zaidi. Kitu kimoja chembamba cha kweli kingetosha, nami nilikuwa nacho mfukoni, kwenye karatasi hii hii ya hesabu ambayo naiambatanisha.

Nenda Moshi. Sikuzuii, na wala usidhani naandika ili ubaki. Una mikono ya kazi ile. Nimekuona ukimpokea mtoto anayelia akanyamaza. Lakini usiende kulipia. Huna cha kulipia. Mtoto akifa mikononi mwako huko, na watakufa baadhi, mlilie, umwoshe, ulale. Usiamke kutazama moto. Kama kazi ile utaipenda, uipende kwa sababu yake yenyewe, na kama hutaipenda, rudi, hakuna atakayekuuliza. Kitu kinachoniuma ni kufikiri kwamba ungetumia maisha yako yote kulipa kosa la baba yako, nami nakuangalia, nakuita binti mwema.

Sikuombi unisamehe kesho. Pengine hutaweza, na una haki. Mama yako nitamwambia mimi mwenyewe, na Bibi pia, kabla jua la kesho halijapanda. Bibi najua atasema nini, na nitaketi nisikie.

Neno moja zaidi. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuichomeka barua hii katikati ya nguo zako, uikute Kikatiti, mimi nikiwa mbali salama. Unaona? Hata katika kuungama nilikuwa nimeshatafuta ukuta wa kujificha. Nimebadili nia. Nitakupa mkononi jioni hii tukimaliza kula, nitakuomba uisome hapo hapo mbele ya moto, nami nitakaa kwenye kile kigoda cha mama yako mpaka umalize, hata ukichukua muda mrefu kiasi gani.

Kwa hiyo sasa umefika hapa, na mimi niko mbele yako. Kuni nimetia mimi, zinatosha. Usiutazame moto, mwanangu. Nitazame mimi.

Baba yako